Mpishi Aliyemwagia Maji Pilau ya Harusi

Pilau ilikuwa karibu kuepuliwa. Mpishi wake akaja na ndoo ya maji, akaimwagia yote.

Si maji ya kuongezea mchele. Ndoo nzima, kuanzia makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko mpaka kuni za chini.

Chwaaaa!

Mfuniko ukapinduka. Maji na majivu yakaingia ndani ya sufuria, moshi ukapanda, na yule mbuzi aliyekatwakatwa humo akafa mara ya pili.

Hiyo ni Ujiji, mwaka tisini na saba, harusi ya binti wa Mzee Mwinshehe.

Na mpishi hakuwa amelewa. Hakuwa mchawi. Wala hakuwa na kinyongo na bwana harusi. Alikuwa Bi Hasna, mama yangu mdogo, mpishi wa shughuli ambaye watu walikuwa wanagombania tarehe zake kabla hata hawajapata posa.

Kisa hiki kanipa mwenyewe, na ruhusa kanipa. Kasema, "Simulia, lakini usinipambe." Haya, simpambi.

Mzee Mwinshehe alifika pale jikoni na kanzu yake nyeupe, akaangalia lile sufuria, akamwangalia Hasna, akaangalia tena sufuria.

"Hasna mwanangu," akasema taratibu, "mwanangu mimi anaolewa kwa uji wa nyama?"

Hasna alikuwa amepiga magoti, anapapasa majivu kwa kiganja, anatafuta kaa lililobaki hai.

Wanawake waliokuwa wanamsaidia wakaanza kucheka. Halafu wakaona haachi kupapasa. Kicheko kikakatika.

Sasa, ili uelewe, turudi nyuma kidogo.

Mwaka uliotangulia, vita ya ng'ambo iliwasukuma watu wakavuka ziwa. Sisi wa Kigoma wakimbizi tuliwazoea tangu zamani, lakini safari ile ilikuwa nyingine. Mitumbwi ilikuwa inashusha watu usiku na mchana, mpaka mtu ukienda kuchota maji ziwani unakuta familia nzima imekaa juu ya jiwe unalofulia.

Wanawake wa Ujiji walijitolea kupika uji wa kupokelea wageni pale ufukweni. Kiongozi wao nani? Hasna.

Siku moja jioni turubai moja liliungua. Hakufa mtu, lakini bibi mmoja aliungua mguu.

Nani aliwasha? Hakuna aliyejua. Pale kila mtu alikuwa na jiko lake la mawe. Ila katika ule umati mtu mmoja akasema, tena bila ubaya, "Labda ni moto wa hawa wapishi."

Labda. Neno moja tu.

Neno hilo likaingia kichwani kwa Hasna, likatandika mkeka, likakaa.

Mwanzo alikuwa anarudi jikoni mara moja tu kabla ya kulala. Kitu cha kawaida, nani hafanyi?

Baadaye akawa anarudi akiwa ameshalala. Baadaye anarudi akiwa ameshafika sokoni Mwanga, anaacha kikapu kwa muuza mawese, anakimbia nyumbani kuangalia jiko. Anakuta majivu baridi. Anatulia. Anatoka. Akifika mlangoni, sauti ile: *una uhakika?*

Anarudi.

Mumewe, Abdulkarimu, ni fundi wa kuchonga boti. Mtu mpole, mwenye mzaha mwingi, kofia haimtoki kichwani. Mwanzo alimfanyia utani: "Mama Ummy, jiko letu hili litakutoza kiingilio." Halafu akaona mkewe hacheki.

Basi akaamua kumsaidia. Kila Hasna akiuliza, "Baba Ummy, nimezima?" yeye anajibu, "Umezima, nimeona kwa macho yangu."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Uligusa?"

"Niligusa, baridi kama barafu."

Hasna anatulia. Kidogo tu. "Ulipogusa, uligusa na pembeni?"

Maisha yakawa hayo. Jamaa alikuwa anatoka kazini kwake ufukweni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anakuja kugusa jiko, anarudi kazini. Boti alizochonga mwaka ule ziliyumba zote.

Mpaka ile harusi. Siku ile wenzake walimwambia Hasna akapumzike kidogo, pilau imeshapaliwa makaa, imebaki kujipika. Akatoka. Akafika njia panda. Akageuka.

Mengine nimeshakwambia.

Baada ya pale hakuna aliyemwita tena. Si kwamba walimchukia. Waliogopa, na Ujiji watu wakiogopa wanakuwa na adabu nyingi. "Bi Hasna pumzika, mwaya, shughuli hii ndogo tutajikongoja." Shughuli yenyewe watu mia tatu.

Nyumbani akaacha kuwasha moto kabisa. Wakawa wanakula mihogo ya kuchemshwa ya jirani na dagaa wa kukaanga wa genge. Siku moja, wakila hayo hayo, Hasna akamwambia mumewe, "Baba Ummy, kaoe mwingine. Angalau upate kula."

Abdulkarimu akacheka. "Nioe kwa ajili ya mboga? Mimi si mwehu."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba eti kunawa. Hasna akamsikia kule anapenga kamasi muda mrefu sana, na hakuwa na mafua.

Siku ile Hasna alijiambia: hapa lazima nitibiwe.

Lakini atibiwe wapi? Hapo ndipo wifi yake, Bi Saumu, alipoingia.

Wifi Saumu ni mtu wa maamuzi. Hajawahi kuuliza swali ambalo jibu lake hana tayari.

"Hili jini," akasema. "Jini la moto. Yuko Mzee Bariki kule Mwamgongo, hajawahi kushindwa."

"Hajawahi?"

"Alioshindwa kuwaponya wote wamekufa, nani atasema?"

Wakapanda boti Kibirizi asubuhi, wakapita pwani ya milima ya sokwe, wakashuka Mwamgongo jua limekwiva.

Mzee Bariki aliwapokea vizuri. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ndiyo, ni jini, tena la ukoo. Akamfunika Hasna shuka jekundu, akaweka chetezo chini yake kimejaa makaa na ubani.

Makaa. Kwa mgonjwa wa moto.

Hasna alivumilia kule ndani ya shuka, jasho na machozi vikichuruzika pamoja. Kazi ikaisha, Mzee Bariki akatoa chetezo, akakiweka nje karibu na ukuta wa nyasi, akasema, "Nenda mwanangu, umepona."

Wakaondoka kuelekea kwenye boti. Hasna akasimama.

"Wifi, kile chetezo kimezimwa?"

"Kimezimwa."

"Ulikiona?"

Akarudi. Akamkuta mzee anapumzika. "Shikamoo tena, mzee. Samahani, hicho chetezo umekizima?"

"Marahaba. Nimekizima, mwanangu."

Akaondoka. Akarudi. "Shikamoo, mzee..."

Akaondoka. Akarudi. Mara hii hakuuliza. Alikimwagia maji chetezo, akayamwagia na majivu yake, akaona jikoni kwa mzee kuna moto mwingine, ugali wa muhogo uko juu, akaumwagia na huo.

Mzee Bariki akatoka nje, akaangalia ugali wake unaelea. Akamgeukia Saumu.

"Binti, mimi majini nayajua tangu nazaliwa. Makubwa kwa madogo, ya ziwani na ya mlimani. Hili si jini." Akashusha pumzi. "Hili ni zimamoto. Mchukue umpeleke hospitali."

Nampa heshima yake mzee yule. Waganga wa kukiri limewazidi ni wachache.

Lakini Wifi Saumu hakukubali kushindwa haraka. "Basi twende kwa Sheikh Kassimu."

Sheikh Kassimu alimsomea dua, akampa na uradi wa kusoma asubuhi na jioni. Na hapo kidogo kulikuwa na nafuu, asikudanganye mtu. Hasna akisoma, moyo unashuka, pumzi zinapanuka. Kwa siku chache aliweza hata kulala mchana.

Halafu ikaanza: nimesoma sawasawa? Sijaruka neno? Akawa anarudia uradi kutoka mwanzo, anarudia, anarudia, mpaka adhana ya swala inayofuata inamkuta hajamaliza wa asubuhi.

Akamrudia sheikh, anaona aibu. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Huu ni wasiwasi, Hasna. Wazee wetu wa elimu wanaujua siku nyingi, na wanasema usiukubalie. Ukiukubalia leo kwenye jiko, kesho utakufuata kwenye udhu. Dua endelea nayo, ila soma mara moja tu, hata ukihisi umekosea. Na uende hospitali. Kutafuta dawa si kupungukiwa imani."

Wifi Saumu akafungua mdomo. Sheikh akamwangalia. Akaufunga.

Wakaanzia zahanati ya karibu. Mganga wa zamu alikuwa na foleni ya watu wa malaria inafika barabarani. Akasikia "halali usiku," akaandika vidonge vya usingizi.

Vilifanya kazi? Vilifanya. Hasna alilala fofofo. Tatizo alilala amekaa, pembeni ya mafiga, mkono mmoja ndani ya majivu.

"Maendeleo haya," Abdulkarimu akasema. "Sasa anakagua akiwa amelala."

Ndipo akamchukua mwenyewe, akampeleka hospitali kubwa. Huko wakampata daktari mwanamama aliyekaa akamsikiliza, hakumkatiza hata kidogo. Alipomaliza akamwambia ugonjwa huu una jina, una watu wengi duniani, na si ukichaa. Akampa vidonge vingine, vya kunywa kila siku. Akamwonya havitashika haraka, wiki kadhaa zitapita, na asiviache njiani.

"Lakini vidonge peke yake nusu ya kazi," akasema. "Kuna muuguzi anakuja hapa na gari la shirika, anakaa kambini kwa wakimbizi. Kwao Bujumbura alikuwa anauguza wagonjwa wa namna hii. Muone."

Muuguzi mwenyewe anaitwa Leonardi. Mwembamba, amevaa koti la mtu mnene, ana kicheko cha ghafla.

"Amahoro, mama," akamsalimia, kwa ile heshima ya kwao ya kumwita mama mmoja "ninyi". "Ninyi ndio mliozima pilau?"

Hasna akataka ardhi ipasuke. Habari zimefika mpaka kambini!

"Msione haya. Mimi nilikuwa na mgonjwa mmoja kule kwetu, alikuwa anafunga mlango mpaka kitasa kikatoka. Sasa niambieni. Mkirudi kuangalia moto, mnapata nini?"

"Napata utulivu."

"Unadumu?"

Hasna akafikiri. "Mpaka nifike mlangoni."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Basi hiyo ni dawa, lakini dawa mbaya. Inaisha kabla hamjatoka nyumbani, na kila siku inataka kipimo kikubwa zaidi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwelezea Hasna kurudi kwake kuwa ni dawa. Yeye alidhani kurudi ndio ugonjwa, na ugonjwa ndio kurudi.

"Sasa nifanyeje?"

"Msirudi."

"Na nyumba ikiungua?"

Kicheko kikamtoka Leonardi usoni, lakini upole ukabaki.

"Mama, mimi nyumba yangu iliungua kweli. Siku ile nilikuwa nimekagua milango yote, madirisha yote, jiko nimezima. Nilihakikisha kila kitu. Walikuja wakaichoma hivyo hivyo. Uhakika ule mnaoutafuta mimi sina wa kuwapa. Hata mwenyewe sina. Na bado naamka asubuhi, nakunywa chai."

Hasna anasema maneno yale yalimuuma kuliko dawa zote, na ndiyo ya kwanza kumuingia.

Matibabu yakaanza. Na yalikuwa ya ajabu, wewe.

Siku ya kwanza, njiti ya kiberiti. Awashe, azime, aiweke mezani, atoke nje ya chumba bila kuitazama. Basi.

Utaona jambo dogo. Mwenzio alitoka mle amelowa jasho kama aliyevuliwa na wavu.

"Hofu imekuja?" Leonardi akauliza nje.

"Imekuja."

"Mwacheni akae. Hofu ni mgeni wa kutokaribishwa chakula. Atakaa, ataangalia angalia sahani, mwisho ataaga mwenyewe. Kosa lenu ninyi mmekuwa mnampikia."

Wakasimama pale kwenye kibaraza. Moyo ulipanda, ukapanda, Hasna akadhani utatokea mdomoni. Halafu, bila yeye kufanya lolote, ukaanza kushuka. Wenyewe!

Hakuamini. Akataka kurudi kuangalia kama umeshuka kweli. Leonardi akacheka mpaka koti likamvuka begani.

Wakatoka njiti wakaenda mshumaa. Wakatoka mshumaa wakaenda jiko la mkaa. Mwisho kazi ikahamia nyumbani: apike maandazi, azime kwa maji mara moja tu, atoke mpaka ziwani, akae huko, asirudi mpaka hofu iage.

Ila kabla ya hapo Leonardi alimwita Abdulkarimu.

"Bwana, kuanzia leo mke wako akiuliza kama amezima, usimjibu."

"Nisimjibu?"

"Sema sijui."

"Lakini nitakuwa najua."

"Sema hujui."

"Nidanganye? Mimi mtu wa swala tano?"

"Basi sema muuguzi amenikataza."

Abdulkarimu akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Ndugu yangu, wewe hujawahi kumuona akiuliza. Macho yale..."

"Najua. Unamjibu kwa mapenzi. Lakini kila ukimjibu unaulisha ugonjwa. Na utazame ulivyonenepa, huo ugonjwa."

Jamaa akaondoka pale mnyonge kabisa.

Ile wiki ya kwanza nyumbani ilikuwa sinema. Hasna anauliza, "Baba Ummy, nimezima?" Abdulkarimu anaziba masikio, anaimba kaswida kwa sauti. Anauliza tena, jamaa anatoka nje. Anamfuata nje, jamaa anapanda juu ya boti aliyokuwa anaichonga uani, anavuta ngazi.

"Muuguzi kanikataza!" anapiga kelele kutoka huko juu. Majirani wakajua sasa wamepata wagonjwa wawili.

Usidhani ilikwenda mstari mmoja. Vidonge vilimkausha mdomo na kumtia kizunguzungu, akataka kuviacha, daktari akambembeleza na kumpunguzia kidogo. Na siku moja, akiwa sokoni, sauti ikamshika, akakimbia mpaka nyumbani kama zamani. Alilia siku ile. Kesho yake akaenda kwa Leonardi kichwa chini.

"Nimerudi," akasema.

"Jana mmerudi. Leo mmekuja hapa, jiko mmeacha na nani?"

Hasna akafikiri. Hakuwa ameliangalia.

"Haya, tuendelee," Leonardi akasema.

Taratibu, ile sauti ikaanza kufifia. Haikuhama. Ikawa kama redio ya jirani: unaisikia, lakini si lazima usimame ucheze. Hasna akaanza kupika nyumbani. Ummy, binti yao aliyeolewa Kalinzi, akaja kusalimia akakuta mama anakaanga samaki, migebuka, huku anaimba. Akakaa chini akalia.

Mwisho wakamwita kwenye shughuli. Akika ndogo, Katubuka. Nyumba ambayo ama haikusikia habari za pilau, au ilisikia ikaamua kumwamini Mungu.

Hasna akapika. Pilau ikatoka punje punje, watu wakaramba vidole. Alipomaliza akamwagia moto maji mara moja, akafunga khanga yake, akatoka. Abdulkarimu alikuwa amemfuata, anamsubiri nje.

Wakaanza kutembea kurudi Ujiji. Jua la alasiri, upepo unatoka ziwani. Hasna maneno yamemjaa, anasimulia nani alikula nini, nani aliomba aongezewe. Sauti ndani ya kichwa ilijaribu mara moja: *una uhakika?* Akaipita kama anavyompita mlevi barabarani.

Akaona mwenzake amebaki nyuma.

"Vipi, Baba Ummy?"

"Nini? Hamna." Akakuna shingo. "Tangulia tu. Mimi narudi mara moja. Nimesahau kofia."

Hasna akamtazama.

"Kofia?"

"Ndiyo. Niliiweka pale kwenye benchi."

"Baba Ummy."

"Naam."

"Kofia iko kichwani."

Abdulkarimu akapeleka mkono juu taratibu. Akaikuta. Akabaki ameishika.

Baiskeli ikapita, mwenye baiskeli akasalimia, hakuna aliyeitika.

"Unarudi kuangalia moto wangu," Hasna akasema.

Mwanaume akatazama chini.

"Tangu lini?"

"Tangu Leonardi alipokukataza wewe kurudi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikasema, sasa humu ndani lazima mmoja wetu aangalie. Ukienda ziwani, mimi napita kwa nyuma. Ukienda sokoni, naacha kazi. Mwanzo nilisema ni kwa ajili yako. Halafu nikaona hata ukiwa umelala, siwezi... Hasna, wewe ulikuwa unaniuliza mimi. Mimi nilikuwa namuuliza nani?"

Hasna hakujua acheke au alie. Miezi yote ile! Yeye anakaa ziwani, jasho linamtoka, anajifunza kuishi bila kujua. Na mume wake wa ndoa ananyata nyuma ya nyumba yao kama mwizi wa kuku, anapapasa majivu.

"Na nikwambie kitu," Abdulkarimu akasema, uso umechangamka ghafla kama mtu aliyekumbuka kuwa ana zawadi. "Mara zote hizo nilizorudi, Hasna, kila mara, jiko nililikuta..."

"Usiniambie!"

Alimziba mdomo kwa ncha ya khanga. Pale pale barabarani, watu wanapita.

Hebu fikiria. Jibu la maswali yake yote, alilolililia, lililomkosesha kazi na usingizi, liko nyuma ya kipande cha kitambaa. Na anajua ni jibu zuri. Angelipokea angelala raha.

Mpaka afike mlangoni.

"Lako hilo, kaa nalo," akasema. "Mimi silitaki."

Akamshika mkono, akamkalisha kwenye jiwe pembeni ya barabara. Wakakaa. Kifua cha mumewe kikapanda na kushuka. Hasna akasubiri naye, hakumharakisha.

Baada ya muda Abdulkarimu akageuka. Macho yale sasa yalikuwa ya kwake yeye.

"Mama Ummy. Wa leo... umezima kweli?"

Hapo ndipo Hasna alipojua kazi aliyokuwa anaifanya mumewe siku zote. Neno moja tu lingemtuliza, na lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Sijui, mume wangu," akasema. "Twende nyumbani."

Wakaenda. Jamaa aligeuka nyuma kila hatua, lakini alikwenda.

Wiki ile ile Hasna akampeleka kwa Leonardi, yeye ndiye kamshika mkono. Leonardi akawaona mlangoni, akasikia habari ya kofia, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akatoa kiberiti, akakisukuma mezani upande wa Abdulkarimu.

"Ego, bwana. Na wewe karibu."

Hakuumwa kama mkewe, akapona upesi. Leonardi baadaye alihamishwa na wenzake, hatukusikia tena aliko. Hasna vidonge alivinywa muda mrefu, akapunguziwa kidogo kidogo na daktari, si kwa kuamua mwenyewe. Ile redio ya jirani anaisikia bado akichoka. Anapika mpaka leo.

Basi ndugu yangu uliyesoma mpaka hapa, magonjwa ya akili yanatibika. Usiishie pale dawa ya kwanza iliposhindwa, nenda na ya pili, nenda na ya tatu, na ukipata inayoshika, ipe muda. Dua yako usiiache, na hospitali usiiogope.

Na wewe unayemuuguza, kumpenda mgonjwa si kumsindikiza kila anakotaka kurudi. Msindikize anapoondoka. Ni kugumu zaidi, muulize mama yangu mdogo.

Au muulize mumewe. Ila ukimuuliza, mruhusu kwanza ashike kofia yake.